Waingereza wa zamani hawakuoana utotoni

Wengi huamini kwamba vijijini Uingereza, enzi za mwandishi Shakespeare (miaka ya 1600 hivi), wasichana waliolewa wakiwa na miaka 13 au 14, kama Juliet wa tamthilia yake ya Romeo na Juliet. Sheria iliruhusu kweli: msichana miaka 12, mvulana 14, hadi 1929. Lakini kuruhusiwa ni kitu kimoja na kufanya ni kingine.

Tangu 1538 kila parokia iliagizwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Daftari za ndoa zenyewe hazitaji umri. Hata fomu zilizochapwa zilizoanza 1754 zina majina, parokia, saini au alama ya msalaba kwa asiyejua kuandika, na mashahidi wawili, lakini si umri. Safu ya umri ilikuja 1837, na hata hapo makarani wengi waliandika tu kwamba mtu ni mtu mzima!

Kwa hiyo watafiti humtafuta bibi harusi katika daftari la ubatizo, kisha wanahesabu miaka. Kazi ya kuchosha, ila inalipa. Huko Colyton, parokia ya Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, mwanahistoria E. A. Wrigley aligundua kwamba kati ya 1647 na 1719 wanawake waliolewa mara ya kwanza wakiwa, kwa wastani, karibu na miaka 30.

Sababu ni pesa. Wanandoa walitarajiwa kuanzisha kaya yao, si kukaa kwa wazazi, hivyo vijana walitumika miaka mingi mashambani kwa watu wakidunduliza mishahara. Shakespeare mwenyewe alioa akiwa na miaka 18, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamume. Mkewe, Anne Hathaway, alikuwa na miaka ipatayo 26.