Wazo Bunifu Huhitaji Mikono Mingi Ili Lidumu

Mwaka 1928, Alexander Fleming, mtaalamu wa bakteria katika hospitali ya St Mary's jijini London, aliona kwamba kuvu iliyoota kwa bahati katika kisahani chake cha maabara ilikuwa imewaangamiza bakteria walioizunguka. Kemikali iliyotoka katika kuvu hiyo aliiita penisilini, akaichapishia makala mwaka uliofuata, lakini hakufanikiwa kuisafisha wala kuipata kwa wingi, na kwa takriban miaka kumi ugunduzi huo haukugeuka kuwa dawa.

Kazi hiyo ilianza upya mwaka 1939 mikononi mwa Howard Florey na Ernst Chain wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mtafiti mwenzao Norman Heatley, ambaye kwa maoni yangu hatajwi inavyostahili, ndiye aliyebuni njia ya kuitenga penisilini na majimaji ya kuvu. Mapema mwaka 1941 walimtibu askari polisi aliyekuwa mahututi. Akaanza kupata nafuu, dawa ikaisha, akafariki. Kifo hicho kilionyesha kwamba tatizo lililobaki halikuwa tena iwapo penisilini inaponya, bali jinsi ya kuizalisha. Jibu lilipatikana kwa sehemu kubwa huko Peoria, Marekani, ambako watafiti waliilisha kuvu majimaji yanayobaki baada ya kuloweka mahindi viwandani, wakatafuta aina za kuvu zenye mavuno makubwa zaidi, na kuikuza ndani ya matangi badala ya vyombo vidogo. Kufikia mwaka 1944 ilipatikana dawa ya kuwatibu majeruhi wengi wa vita.

Nasimulia hatua hizi kwa kirefu kwa sababu wabunifu wengi tunaowashauri huja na ombi la hataza pekee, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wao bila idhini. Hataza ina umuhimu wake, na ni kweli kwamba katika nchi nyingi anayetangaza uvumbuzi wake hadharani kabla ya kuiomba anaweza kuipoteza haki hiyo. Hata hivyo, hataza haiwezi kueleza kama kifaa kilichofanya kazi mara moja mezani kitafanya kazi vilevile kikitengenezwa mara elfu moja, tena na mtu mwingine, kwa gharama ambayo mtumiaji ataimudu. Mbunifu anayelificha wazo lake hata kwa mhandisi, fundi na mtumiaji wa kwanza hujinyima watu walewale ambao wangemwonyesha mapema mahali linapokwama, wakati marekebisho bado ni rahisi.