Nembo Isigeuzwe Vitone Kabla ya Wakati Wake

Kila inapokaribia Julai, wajasiriamali wakijiandaa na maonyesho ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, huku chuoni tunakofundisha usanifu na uchapaji tunapokea watu wenye tatizo lilelile. Mwaka mmoja alikuja mama anayesindika viungo huko Mbagala. Alikuwa amelipia bango la fleksi la mita 3 kwa 1, akalichukua jioni ya kuamkia maonyesho. Nembo yake, karafuu mbili ndani ya duara, ilionekana kama imejengwa kwa matofali.

"Mwalimu, mbona kwenye simu inatoka safi?" aliniuliza.

Ni kweli, kwenye simu ilikuwa safi kabisa. Mashine ilikuwa nzima na aliyechapa alichapa alicholetewa. Kosa lilifanyika wiki kadhaa nyuma, siku nembo ilipogeuzwa kutoka mchoro wa vekta kuwa picha ya vitone, yaani bitimapu.

Mchoro wa vekta hubeba maelekezo: chora duara, kitovu chake hapa, nusu kipenyo kiasi hiki, jaza rangi hii. Kwa maelekezo hayohayo kompyuta itachora duara la ukubwa wa kifungo cha shati au la ukubwa wa ukuta wa ghorofa, na ukingo utabaki laini. Mistari iliyopinda huandikwa kwa hesabu inayoitwa mikunjo ya Bézier, kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitumia kusanifu mabodi ya magari kule Ufaransa. Mafaili ya SVG na EPS ni ya aina hii, na ya PDF mara nyingi pia.

Picha ya vitone ni kama mkeka. Ukishafumwa, miyaa yake ni ileile. Ukiuvuta hauoti mingine. Kila kitone, au pikseli, ni mraba mmoja wenye rangi moja. Ukikuza picha unakuza miraba, na jicho linaanza kuiona mmoja mmoja.

Nembo ya yule mama ilichorwa kwa upana wa milimita 50, kipimo cha kibandiko cha chupa. Kijana aliyemdizainia alitumia Inkscape, programu nzuri na ya bure, akatoa faili la PNG, ambalo ni picha ya vitone, bila kugusa kipimo kinachokuja na programu: vitone 96 kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo nembo nzima ikapata vitone 189 tu kwa upana. Kwenye bango ikapewa nafasi ya mita 1. Gawanya uone: kila kitone kikawa na milimita 5 na ushee, sawa na punje ya pilipili manga. Nani asingeziona?

Hesabu hiyo inafaa ifanywe kabla ya kugeuza, na haihitaji mtaalamu. Chukua upana wa mahali picha itakapokaa kwa milimita, gawanya kwa 25.4, kisha zidisha kwa vitone unavyotaka kwa inchi. Kwa kitu kinachoshikwa mkononi, kama kadi ya mchango wa harusi au kipeperushi, 300 ndicho kipimo kinachotumika sana. Karatasi ya A4 itahitaji vitone 2480 kwa 3508. Bango linalotazamwa kutoka mbali linaridhika na 100. Wapo wanaodhani dawa ni kuweka namba kubwa kila mara, nami siwaungi mkono. A4 ya rangi kwa vitone 300, kabla ya kubanwa, ni megabaiti 26 hivi. Ukiweka 600 zinakuwa 104, kwa sababu vitone vinaongezeka kwa upana na kwa urefu pia.

Aina ya faili nayo ina uzito wake. Kwa nembo na maandishi chagua PNG: hutunza kila kitone kama kilivyo na hukubali sehemu zisizo na rangi. JPEG iachie picha za kamera. Yenyewe huigawa picha katika miraba ya vitone 8 kwa 8 na kutupa undani ndani yake, ndiyo maana kando ya herufi kali huacha ukungu mchafu. Tena haijui uwazi, kwa hiyo nembo ikiwekwa juu ya rangi nyingine huja na kisanduku cheupe.

Jambo ninalotaka zaidi lieleweke ni hili: kila mchoro wa vekta mwishowe hugeuka vitone, kwenye kioo cha simu na kwenye mashine ya kuchapa. Suala ni nani anageuza, na lini. Mashine inajua inachapa kwa ukubwa gani, wewe unakisia. Basi mpelekee mchapaji PDF yenye vekta, herufi zikiwa zimegeuzwa kuwa michoro ili zisibadilike kwenye kompyuta isiyo na fonti yako, na ubaki na nakala ambayo maandishi yake bado yanaharirika. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha itapunguzwa. Na usidanganyike na jina la faili. JPEG iliyobandikwa ndani ya PDF bado ni JPEG; ikuze asilimia 800, ukiona ngazi kwenye ukingo, hiyo si vekta.

Kwa yule mama tulimpigia simu kijana wake. SVG ilikuwa bado ipo kwenye kompyuta yake, na bango la pili likachapwa kutoka humo asubuhi ya siku ya pili ya maonyesho. Ilimbidi alipe tena. Kabla hajaondoka tulilituma faili hilo kwenye barua pepe yake mwenyewe, kwa kuwa nembo ni yake na alishailipia.