Kuyasoma makundi katika mtandao wa watu

Msimu wa kupuliza salfa ukikaribia, wakulima wa korosho wa Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, huulizana mengi: nianze lini, niweke kiasi gani, dawa hii ni ya kweli au feki. Ukiandika nani humwendea nani kuomba ushauri, umepata mtandao. Kila mtu ni nodi, kila anayeulizwa ameunganishwa kwa mstari na aliyemuuliza. Kinachofuata ni kuzipanga nodi katika makundi, na hapo wengi hukimbilia programu ya kompyuta kabla hawajaamua wanatafuta kundi la namna gani.

Lipo kundi la mshikamano: watu wenye mistari mingi baina yao na michache ya kwenda nje. Mwaka 2002 watafiti Michelle Girvan na Mark Newman walipendekeza kuondoa kwanza mstari unaopitiwa na njia fupi kabisa nyingi zaidi za kutoka nodi hadi nodi, kupiga hesabu upya, na kuendelea hivyo mpaka mtandao ukatike vipande. Njia ya Louvain ya mwaka 2008 huanzia upande mwingine: kila nodi peke yake, kisha inazikusanya. Ni ya haraka sana, ila ukibadili mpangilio wa kuanzia, makundi yanaweza kubadilika. Irudie mara nyingi uone nani hahamihami.

Lipo pia kundi la nafasi: watu wenye mistari ya namna moja, hata kama wao kwa wao hawajuani. Tuseme muuza pembejeo wa Kitangari na wa Mahuta hawajawahi kuonana, lakini wote wawili huulizwa na wakulima, nao humuuliza msambazaji wa Mtwara mjini. Kwa mshikamano wako mbalimbali. Kwa nafasi ni kundi moja. Kwa afisa ugani anayepambana na ushauri potofu, naona hili ndilo lenye faida zaidi.

Wayne Zachary, mwaka 1977, alichapisha utafiti wa klabu ya karate ya chuo kimoja Marekani, watu 34, iliyovunjika kwa ugomvi kati ya mwalimu na rais wa klabu. Hesabu yake ya mistari ilipatia upande aliokwenda kila mmoja isipokuwa mtu mmoja, aliyebaki na mwalimu kwa sababu mtihani wake wa mkanda mweusi ulikuwa wiki tatu mbele. Mistari haikuwa na habari hiyo.

Basi usiyape makundi majina ukiwa ofisini. Rudi kijijini uulize: kinachowatenga hawa ni ukoo, ni ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) wanakopeleka korosho, au ni barabara isiyopitika masika? Na mchoro wenye majina ya watu usiubandike mkutanoni. Mtu akigundua hadharani kwamba hakuna anayemwendea kuomba ushauri, umemvunjia heshima kwa taarifa alizokupa kwa kukuamini.