"Nilipata nafuu nikaziacha": dhana potofu kuhusu steroidi na tezi za adrenali

"Daktari, nilisikia hizi dawa zinaharibu mifupa, kwa hiyo nilipopata nafuu nikaziacha." Sentensi hii naisikia mara nyingi mno kliniki, na anayeisema hutegemea nimpongeze. Kumbe amekuja amekonda, hana hamu ya kula, presha 80 kwa 50, na mkononi ana vyeti vya zahanati mbalimbali vilivyoandikwa malaria, taifodi na vidonda vya tumbo. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anatumia dawa gani mwezi uliopita.

"Steroidi ni sumu, ukipata nafuu acha mara moja"

Dhana hii ni ngumu kuing'oa kwa sababu ina ukweli ndani yake. Steroidi ni dawa za kutuliza uvimbe na mzio, kama zile za pumu na baridi yabisi. Ni kweli mojawapo, predinisoloni, ikitumika muda mrefu hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa na kuuvimbisha uso. Kinachoua ni hilo la kuacha mara moja.

Tezi za adrenali ni mbili, zimekaa juu ya figo, na hutengeneza kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe inayosaidia kushikilia presha na sukari. Kotisoli ya siku moja inalingana na miligramu 4 hadi 6 tu za predinisoloni. Zinatengeneza kwa amri ya tezi ya pituitari iliyoko chini ya ubongo. Ukimeza zaidi ya kiasi hicho kila siku kwa wiki tatu, nne na kuendelea, pituitari inaona damu ina steroidi ya kutosha, inanyamaza, na adrenali zisizopata amri zinasinyaa. Siku unapoacha kidonge haziamki siku hiyo. Zinahitaji wiki, mara nyingi miezi, na kwa wengine hata zaidi ya mwaka. Katika kipindi hicho mwili hauna kotisoli ya kidonge wala ya kwake.

Bila ugonjwa mwingine utajikokota: uchovu, kichefuchefu, viungo kuuma, kizunguzungu ukisimama. Kisha inakuja malaria kali, au kuhara, au ajali ya bodaboda, au upasuaji. Hapo mwili unadai kotisoli mara kadhaa ya ile ya kawaida na haipo. Presha inaporomoka na dripu peke yake hairudishi, sukari inashuka, mtu anapoteza fahamu. Wala si jambo jipya. Kotisoni, dawa ya jamii hiyohiyo ya steroidi, ilitolewa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa baridi yabisi huko Marekani mwaka 1948, waliohusika wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950, na kufikia mwaka 1952 madaktari wa huko walikuwa wameshaandika habari za mgonjwa aliyekufa baada ya upasuaji kwa sababu tezi zake zilikuwa zimesinyaa. Tumelijua kwa zaidi ya miaka 70, na bado watu wanatoka dukani na bahasha ya kaki ya vidonge bila kuambiwa neno.

Na wanaopatwa si wagonjwa wa pumu na baridi yabisi peke yao. Wako akina dada wanaomeza "deksa" ili wanenepe. Deksa ni deksamethasoni, steroidi pia: kidonge kimoja cha miligramu 0.5 kina nguvu ya zaidi ya miligramu 3 za predinisoloni, na wengi humeza viwili au vitatu kwa siku kwa miezi. Wako wanaopaka mkorogo wenye klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, mwili mzima asubuhi na jioni. Wanasema "mimi natumia krimu tu, simezi kitu." Klobetasoli inapita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu, hasa ikipakwa eneo kubwa, na inazima tezi vilevile. Wako pia wazee wanaonunua unga wa "dawa ya asili" ya magoti unaomaliza maumivu ndani ya siku mbili. Dawa ya viungo inayofanya kazi kwa kasi hiyo ina haki ya kushukiwa kuwa imechanganywa steroidi.

Ukweli basi ni huu. Kozi fupi, kwa mfano siku tano za predinisoloni kwa pumu iliyobana, unaimaliza na kuacha bila tatizo. Ukishapita wiki tatu au nne, dozi ishushwe hatua kwa hatua chini ya daktari. Ikifika miligramu 5 hivi za predinisoloni, kotisoli ipimwe asubuhi, saa 24 tangu kidonge cha mwisho. Ikizidi nanomoli 300 kwa lita, tezi zimeamka na dawa inaweza kuachwa. Ikiwa chini ya 150 bado zimelala, unaendelea na dozi hiyo ndogo na kupima tena baada ya miezi. Katikati ya namba hizo, vilevile endelea na urudie kipimo. Ukitolewa damu saa tisa alasiri usiniletee majibu hayo, hayatusaidii: kotisoli huwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda.

Na wewe unayetumia mkorogo au deksa kwa siri, usiache leo usiku kwa sababu umesoma haya. Njoo useme. Hakuna atakayekufokea, na akikufokea nenda kwa mwingine.

"Nimechoka tu, tezi zangu za adrenali zimeishiwa nguvu"

Hii imeletwa na mitandao, pamoja na makopo ya virutubisho. Jina la "uchovu wa adrenali" lilibuniwa Marekani mwaka 1998, na watafiti wa Brazil waliopitia tafiti 58 walihitimisha mwaka 2016 kwamba hali hiyo haipo. Msongo wa mawazo hauchoshi tezi hizi mpaka zikaishiwa. Uchovu wako ni wa kweli, ndiyo maana unastahili kutafutiwa chanzo: hemoglobini, tezi ya thairoidi, sukari, VVU, kifua kikuu, sonona, usingizi. Mbaya zaidi, baadhi ya virutubisho hivyo vikipimwa hukutwa na steroidi ndani, hivyo mtu aliyekuwa na tezi nzima anaishia kuzizima.

"Kwa mtu mweusi huwezi kuona rangi imebadilika"

Tezi za adrenali zikiharibika zenyewe kwa ugonjwa, ngozi huwa nyeusi zaidi, na hata kwa mtu mweusi unaona, ukitazama panapotakiwa. Fizi na ndani ya mashavu, ulimi, mistari ya viganja, vifundo vya vidole, na makovu mapya yanayogeuka meusi tii. Ndugu husema "amechafuka damu" au amerogwa, miezi inapita. Thomas Addison alieleza ugonjwa huu huko London mwaka 1855, na kifua kikuu kilikuwa kisababishi kikubwa enzi hizo. Kwetu bado ni cha kushukiwa mapema, hata kama mgonjwa aliugua na kupona miaka iliyopita. Kuna mtego hapa pia: rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huharakisha kuvunjwa kwa kotisoli, kwa hiyo mgonjwa ambaye tezi zake zimeshaharibika anaweza kuzidiwa mara baada ya kuanza dawa za TB. Anayezidiwa hivyo apimwe kotisoli, asiambiwe tu kwamba dawa ni kali.

Ila aliyezimwa tezi na vidonge au krimu hawi mweusi, kwa sababu homoni ya pituitari inayoleta weusi huo kwake iko chini. Usisubiri dalili hiyo.

"Ni presha ya kushuka, anywe soda na chumvi"

Presha ya kushuka ni dalili, itafutiwe sababu. Pima ukiwa umelala, kisha simama dakika tatu upime tena. Ikishuka 20 au zaidi kwenye namba ya juu, na umekonda, na unatamani chumvi kuliko kawaida, omba upimwe sodiamu, potasiamu na kotisoli.

"Nikiumwa niziache kwanza, zitagongana na dawa nyingine"

Ni kinyume kabisa. Anayetumia haidrokotisoni (kotisoli ya dawa) au predinisoloni kwa sababu tezi hazifanyi kazi anatakiwa aongeze dozi mara mbili au tatu akipata homa, mpaka apone. Akitapika vidonge havikai, anahitaji sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na maji ya chumvi kwa mshipa, hapohapo, bila kungoja majibu ya maabara. Dozi hiyo moja haimdhuru hata ikija kuonekana haikuwa tatizo la adrenali.

Ninachomsisitizia kila mgonjwa wangu ni karatasi ndogo nyuma ya kitambulisho: "Nategemea steroidi. Nikizimia nichomwe haidrokotisoni 100." Anayeishi mbali na hospitali amwombe daktari wake amwandikie sindano hiyo aiweke nyumbani, na mtu mmoja wa nyumba hiyo afundishwe kuichoma pajani.