Sireni wa Wagiriki hawakuwa nguva

Wengi wetu tukisikia habari za sireni, wale viumbe wa Ugiriki ya kale walionasa mabaharia kwa nyimbo, tunawaza nguva mwenye mkia wa samaki. Lakini wachoraji wa vyombo vya udongo waliwachora kama ndege wenye vichwa vya wanawake. Tazama mtungi mmoja wa Athens wa mwaka 480–470 KK hivi, uliopatikana Vulci, Italia, na sasa umehifadhiwa British Museum. Odysseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki aliyetaka kusikia nyimbo hizo bila kunaswa, amefungwa mlingotini mwa meli yake. Sireni wawili wako juu ya miamba, wa tatu anaporomoka kichwa chini, macho yamefumba. Manyoya ya mabawa yamechorwa kwa subira ya kupendeza. Mkia wa samaki ulienea baadaye sana, katika Ulaya ya Zama za Kati. Tena baadhi ya sireni wa mwanzo ni wanaume wenye ndevu.