Kwa nini Subaru iliyotuniwa inapiga "paa!" ukibadili gia?

Kama unaishi Nairobi au Dar hii unaijua. Usiku umetulia, Subaru inapita inaunguruma, dereva anaachia mafuta abadili gia, PAA! na watu barabarani wanainama wakidhani ni risasi. Je wajua kwamba mara nyingi huo mlio hauna uhusiano wowote na nguvu za injini, ni kompyuta ya gari imedanganywa tu?

Iko hivi. Kwenye Impreza WRX na Forester nyingi za turbo (ile pampu inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini) kuna sensa ya hewa, imekaa pale baada ya eya klina, kazi yake kupima hewa inayoingia na kuiambia kontroli boksi, nayo inaagiza nozeli zimwage petroli ya kutosha hewa hiyo. Ukitembea kawaida ni kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, turbo ikikaza mafuta yanaongezwa zaidi ya hapo. Sasa shika hili: hewa ikishapita kwenye sensa imeshakatiwa risiti, kompyuta inajua itafika kwenye injini.

Ndo jamaa anaenda kununua ile valvu ya "pshhhh" inayowapa watu raha. Ya kiwandani inarudisha hewa kwenye bomba la kuingilia turbo, hii mpya inaimwaga nje. Hewa imeondoka ila risiti bado ipo, nozeli zinamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo, mchanganyiko unakuwa mzito mpaka plagi inashindwa kuuwasha, basi petroli inatoka mbichi pamoja na oksijeni yake mpaka kwenye ekzosi yenye joto kali na vinawakia huko huko.

Rafiki yangu ana Forester yenye hiyo valvu ya kumwaga nje, alibadilishiwa plagi, koili, mpaka pampu ya mafuta, hela imeisha na gari inapiga vilevile. Mwisho tukarudisha valvu yake ya zamani, iko pale juu pembeni ya intakula (kipoza hewa ya turbo), kazi ya nusu saa, kimya!

Bomba la intakula lililolegea lina kituko chake. Gari ikiwa sailensa (inawaka tu bila kukanyaga mafuta) injini inavuta hewa ambayo haijapimwa kupitia kwenye ufa, mafuta yanapungua, inatetemeka. Ukikanyaga turbo ikajaza, ufa ule ule unatema nje hewa iliyopimwa, mafuta yanazidi, moshi mweusi na mlio. Ndo maana fundi mmoja anakwambia mafuta machache, mwingine anakwambia mengi, na wote wawili wako sahihi 😂. Gari ikiwa sailensa puliza spreyi ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye maungio (sio karibu na ekzosi ya moto tafadhali), mlio wa injini ukibadilika umepata pa kuvujia. Ule upande wa turbo ni bora ujazwe upepo na kupakwa maji ya sabuni, mapovu yatasema.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote sikiliza inapiga wapi na saa ngapi. Ikipiga ukiwa umekanyaga mpaka chini, angalia plagi na koili, maana presha ya turbo inafanya cheche ipate shida kuruka, wengi waliotuni wanashusha gepu ya plagi (nafasi inayorukiwa na cheche) mpaka kama milimita 0.7. Ikipiga ukiachia mafuta tu na valvu ni ya kiwandani, kagua gasketi za ekzosi, ufa mdogo unaingiza hewa na mabaki ya petroli yanawaka. Ikipigia mbele, kwenye manifodi ya hewa (mabomba yanayogawia silinda hewa), hapo acha mchezo, aidha mafuta ni machache sana au taimingi belti (mkanda unaopanga valvu za injini zifunguke saa ngapi) imeruka meno, na kwa injini hizi za belti ikiruka zaidi valvu hizo zinagonga pistoni. Zima gari, livutwe.

Halafu kuna wanaolipia kabisa programu ya kupiga milio, cheche inacheleweshwa na mafuta yanaendelea kumwagwa ukiachia. Wazo limetoka kwenye rali, magari kama Impreza aliyoshindia Colin McRae Safari Rally ya 1997 yanafanya hivyo ili turbo iendelee kuzunguka kwa kasi kwenye kona, ila yale timu inayafungua kila mara. La kwako linakula masega ya ekzosi (yanayosafisha moshi) na sensa ya oksijeni taratibu. Ukinunua la mkononi na linapiga, muulize mwenyewe kama aliweka hiyo programu kabla hujafungua hata boneti.