Rubani wa mizigo akisafiri kama abiria, anakaa wapi?

Desemba ikifika Moshi inajaa, na kila kikao cha ukoo lazima mtu aniambie kwamba sisi marubani tunapewa daraja la biashara kwa sababu sheria ya anga inataka hivyo. Safari hii alikuwa shemeji, mhasibu kabisa, mtu wa kusoma vifungu: "Kapteni, ninyi mmebarikiwa, hata sheria yenyewe inawabembeleza mlale." Shemeji, hiyo sheria haipo. Kanuni za Ulaya na za Marekani ninazozifanyia kazi hazisemi popote kwamba rubani anayesafirishwa kikazi akae mbele. Zinahesabu saa zake, basi. Kiti ni jambo la mkataba, na mikataba haifanani.

Ninazungumzia pozisheni: kampuni inakutoa ulipo na kukupeleka ilipo ndege, wewe ukiwa abiria. Kwenye mizigo hili ni jambo la kila rosta, kwa sababu mzigo haugeuzi kama abiria anavyogeuza. Maua ya huku Arusha yanapita Namanga kwa lori, yanapakiwa Nairobi, yanakwenda Ulaya na hayarudi. Ndege ikishashusha inaondoka kutafuta mzigo mwingine, labda Asia. Rubani aliyeileta saa zake zimekwisha, anabaki hotelini, kisha anakatiwa tiketi kuifuata au kuisubiri mji mwingine kabisa. Wakati mwingine tunapozishwa kwenye ndege zetu wenyewe. Kwenye 777 ya mizigo kuna viti vinne na vitanda viwili nyuma ya marubani, chakula unakipasha mwenyewe, na kama chini kuna farasi unawanusa safari nzima. Mimi napenda zaidi hizo. Unalala.

Tusichanganye pozisheni na rubani anayekwenda kazini kutoka nyumbani kwake. Mimi nikitoka Moshi kwenda kituo changu cha kazi nje ya nchi kwa tiketi ya punguzo ya wafanyakazi, nikisubiri kama kuna kiti kitabaki, hiyo ni safari yangu. Saa zake kampuni haizihesabu, ingawa mwili unazihesabu zote. Vivyo hivyo kile kiti cha kukunja ndani ya chumba cha marubani: ni fadhila ya kapteni na kampuni, ukikikalia kwa safari zako binafsi hakuna anayekuandikia saa. Watu wanaona sare na begi pale KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, wanadhani yote ni kitu kimoja.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa kanuni za Ulaya, muda wote wa pozisheni ni muda wa kazi. Ukipozishwa kwanza halafu ukarusha ndege bila mapumziko katikati, ile safari ya uabiria inaingia kwenye zamu yako ya kuruka, ila haihesabiki kama ruti, yaani kuruka na kutua mara moja. Marubani wawili walioripoti kati ya saa 11 jioni na saa 11 alfajiri, kwa ruti moja au mbili, zamu yao ya kawaida haizidi muda wa saa 11. Toa saa 6 za kukaa kama abiria, zinabaki 5. Kwa saa 5 mzigo haufiki mbali, kwa hiyo kampuni nyingi zinakupeleka kwanza hotelini. Mapumziko nje ya kituo yawe angalau sawa na kazi iliyotangulia au saa 10, ule ulio mrefu. Ukisafirishwa saa 17 kutoka KIA mpaka Hong Kong, unaidai kampuni saa 17 za mapumziko.

Na hapo ndipo, ukiomba kiti cha mbele, wapanga ratiba wanapokujibu kwamba utalala hotelini, kwa hiyo kaa nyuma.

Jibu hilo linanikera kuliko maneno ya shemeji. Hong Kong iko mbele yetu kwa saa 5. Umekesha usiku kucha kwenye kiti cha katikati, safu ya mwisho, ukuta wa choo nyuma yako, kiti hakiinami hata kidogo, na kila anayetoka chooni anajishikilia kwenye kiti chako. Unaingia hotelini saa 9 alasiri ya kule, wakati Moshi ni saa 4 asubuhi. Unazimia kitandani, unaamka usiku wa manane wa kule, usingizi umekwisha na mapumziko bado yanaendelea kuhesabiwa. Zamu inaanza jioni inayofuata. Kwenye karatasi umepumzika kupita kiasi. Ukiingia kwenye ndege saa 4 usiku umeshakuwa macho karibu siku nzima, na mbele yako kuna ule muda wa saa 8 usiku mpaka saa 12 asubuhi ambao kanuni zenyewe zinautaja kuwa ndio mwili unashuka chini kabisa. Mwaka mzima dereva wa lori wa Tunduma tunamwambia asimpokee mwenzake usukani baada ya kusinzia wima kiti cha pembeni, halafu rubani wa tani mia tunamwambia saa zake zimetimia.

Chanzo cha uvumi nakifahamu. Sheria kweli inazungumzia kiti, lakini mahali pengine: kwa marubani walio zamu kwenye safari ndefu, wakiwa watatu au wanne na wanapokezana kulala. Hapo kuna madaraja matatu ya sehemu ya kupumzikia, na hayana uhusiano na tiketi. La 1 ni kitanda kilichotengwa. La 2 ni kiti kinacholala angalau nyuzi 45, chenye pazia. La 3 kinalala angalau nyuzi 40, na miguu ina pa kuegemea. Ulaya, kwa marubani watatu, kitanda kinaweza kurefusha zamu hadi saa 16. Kiti cha daraja la 3 kinaishia saa 14. Yaani walioandika kanuni wanajua vizuri kwamba kitanda na kiti havimpumzishi mtu sawasawa. Tofauti hiyo wameipa thamani ya saa 2 nzima. Lakini mtu yuleyule akikatiwa tiketi ya abiria, kwenda kurusha ndege ileile, kiti chake hakiulizwi. Sijawahi kusikia maelezo yanayoniridhisha.

Marekani ni zaidi. Kanuni mpya za uchovu zilianza Januari 2014, na ndege za mizigo zikaachwa nje. Kampuni ikitaka inaweza kujiunga kwa hiari. Msukumo wa kanuni hizo ulitokana na ajali ya Februari 2009 karibu na Buffalo, ambako walikufa watu 50. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kupitia Memphis hadi Newark, akipanda ndege za mizigo, ili awahi kazini. Wachunguzi walisema uchovu huenda uliwapunguzia marubani uwezo, ila hawakuweza kuthibitisha ulichangia kiasi gani. Ile ilikuwa safari yake binafsi, si pozisheni. Mwili haujui tofauti hiyo. Agosti 2013, miezi michache kabla ya kanuni kuanza, ndege ya mizigo ilianguka alfajiri Birmingham, Alabama, marubani wote wawili wakafa, na uchovu ukatajwa miongoni mwa mambo yaliyochangia.

Kuhusu mvinyo wa bure: ukitua kwenda kurusha ndege, hunywi. Nimemaliza.

Kuna mambo mawili sina uhakika nayo. La kwanza ni safari ya kurudi, kazi ikiwa imekwisha. Kampuni nyingi hapo zinakukatia daraja la kawaida, na wenzangu wanagomba. Mimi naona kampuni ina hoja, mpaka nikikumbuka kwamba nikishuka KIA usiku nashika usukani kuja Moshi, na malori ya Bomang'ombe hayana mzaha. La pili ni kitanda chenyewe. Nimewahi kulala chali mbele, taa zimezimwa, pazia limefungwa, macho makavu hadi tunatua, kwa sababu kwa saa ya mwili wangu ilikuwa mchana. Kitanda kinasaidia usiku wa nyumbani kwako. Mchana wake nashuku kinasaidia mgongo tu.

Vijana mnaonipigia kabla ya kusaini mkataba, tafuteni kile kifungu cha daraja la biashara "pale nafasi inapopatikana". Ulizeni isipopatikana inakuwaje: unasubiri ndege inayofuata, unaongezewa mapumziko, au unakaa nyuma na kunyamaza? Ulizeni pia nani anaamua, mpanga ratiba au kapteni. Na mkiambiwa mchague kimoja, kiti cha mbele au usiku wa ziada hotelini kabla ya zamu, chukueni usiku wa ziada, na uandikwe kwa idadi ya saa.